Barua ya wazi: Dawa ya josho inaua mbwa na paka wetu majumbani

Kwa:
Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari, Wizara ya Mifugo na Uvuvi
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA)
Msajili, Baraza la Veterinari Tanzania

YAH: DAWA ZA KUPE NA VIROBOTO KUPIMWA KWENYE CHUPA ZISIZO NA LEBO NA KUUZIWA WENYE MBWA NA PAKA

Ndugu viongozi,

Mimi ni daktari wa mifugo, na wagonjwa wangu wengi hapa Dar es Salaam ni mbwa wa ulinzi na paka wa nyumbani. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linafanyika hadharani, mchana kweupe. Mtu mwenye mbwa mmoja anaingia duka la pembejeo za mifugo na kusema anataka dawa ya kupe. Muuzaji anachukua chupa ya lita moja ya dawa ya kuogesha ng'ombe, anammiminia kidogo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, anapokea hela, biashara imeisha. Ile chupa haisemi ndani mna dawa gani, ichanganywe na maji kiasi gani, ni ya mnyama gani, wala mtu afanye nini mnyama akianza kutetemeka. Yote hayo yameandikwa kwenye chupa kubwa iliyobaki dukani.

Ombi langu ni moja, na mengine yanatokana na hilo: dawa isitoke dukani bila maandishi yake.

Niwape mfano wa mgonjwa mmoja. Mama alikuja na paka wake kamzungushia khanga. Kijana wake alikuwa amemwogesha mbwa asubuhi, dawa ikabaki kwenye ndoo, akaona asiimwage bure, akampaka na paka. Kufikia jioni masikio ya paka yalikuwa yanachezacheza, ngozi ya mgongoni inarukaruka, miguu haishiki chini. Aliponifikia, mwili mzima ulikuwa unatetemeka bila kupumzika na kipimajoto kilisoma nyuzi 41. Nikamuuliza mama ni dawa gani. Akatoa mkobani chupa ya maji ya nusu lita, ndani mna kimiminika cheupe kama maziwa. "Ya kupe, daktari. Ya dukani." Hilo ndilo jina pekee alilopewa. Ule weupe ulinieleza kwamba dawa ilikwisha kuchanganywa na maji, lakini haukunieleza ni dawa ipi wala imechanganywa kwa kiasi gani. Mama alikuwa akiiweka juu ya kabati la vyombo, na nyumbani ana mjukuu anayejifunza kutembea.

Paka yule alipona. Wengi hawaponi, na sababu mojawapo ni kwamba daktari anatibu sumu asiyoijua. Dawa za kuogesha ng'ombe zilizoko sokoni ni za makundi tofauti. Kuna zile zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, kama saipamethrini, deltamethrini na pemethrini. Kuna amitrazi. Kuna jamii ya oganofosfeti, kama klopirifosi na klofenvinfosi. Mnyama aliyedhurika kwa oganofosfeti anatokwa mate na machozi, anaharisha, mboni za macho zinasinyaa na kifua kinajaa majimaji. Huyo anahitaji atropini, na anaihitaji upesi. Aliyedhurika kwa amitrazi analegea kama aliyepigwa sindano ya usingizi, mapigo ya moyo yanashuka, sukari inapanda. Tiba yake ni yohimbini au atipamezoli, na atropini yaweza kumwongezea matatizo. Aliyepata sumu ya jamii ya pareto hana dawa maalumu ya kuifuta: unamwosha, unazuia degedege, unalinda joto la mwili, unasubiri mwili uitoe. Tiba tatu zinazopishana, na kinachonielekeza mapema ni lebo. Muuzaji anapoitenga dawa na lebo yake, anaitenga pia na tiba yake.

Wengi hawajui kwa nini paka anakufa kwa dawa ambayo mbwa wa nyumba hiyo hiyo ameogeshwa nayo miaka yote. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja pemethrini. Mbwa anaivunja na kuitoa. Kwa paka inakaa mwilini na kuendelea kuchokonoa mishipa ya fahamu. Chukueni dawa ya matone ya mbwa, ile inayopakwa shingoni, yenye pemethrini ya asilimia 45. Mililita moja ina miligramu 450. Kwa paka wa kilo nne na nusu hiyo ni miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili, kiwango cha kumtia degedege na kumuua. Halafu paka anajisafisha kwa ulimi, kwa hiyo kila kilichogusa manyoya yake kinaishia tumboni. Si lazima apakwe yeye. Akilala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa leo, au akamramba, inatosha. Kwenye nyumba zenye wanyama wote wawili, mbwa akipakwa dawa ya namna hiyo paka atengwe naye mpaka ikauke kabisa, na mwenye paka wa karibu sana na mbwa ni afadhali atafute dawa nyingine isiyo na pemethrini.

Mbwa nao hawajasalimika. Dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5, kipimo chake cha kawaida kwa ng'ombe ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 20 kwenye ndoo ya lita 10. Nyumbani kipimo ni kifuniko. Kifuniko cha chupa gani, kwenye kopo la ukubwa gani, kila mtu na lake. Na mtu akiona kupe hawajadondoka jioni ile ile, anaongeza kingine kesho yake. Mwogeshaji mwenyewe, mara nyingi kijana wa kazi au mlinzi, anaingiza mikono mitupu kwenye ndoo. Amitrazi ikiingia mwilini mwa binadamu inamlegeza na kumshusha mapigo ya moyo vilevile. Maji yanayobaki yanamwagwa mfereji wa mtaani, na sumu hizi za jamii ya pareto ni kali mno kwa samaki.

Kuna na sindano. Ivamektini ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na ng'ombe hudungwa mililita moja kwa kila kilo 50 za uzito wake. Nimeletewa watoto wa mbwa waliodungwa mililita nzima ili "kupe waishe kabisa". Mtoto wa mbwa wa kilo 5 akipewa mililita moja amepewa mara kumi ya kipimo cha ng'ombe kwa uzito wake. Anapepesuka, macho hayaoni, analala asiamke. Na wapo mbwa wa jamii ya koli, wale wa kuchunga kondoo, pamoja na baadhi ya jamaa zake, wenye kasoro ya kurithi inayoiacha dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo. Wao hudhurika hata kwa kipimo ambacho mbwa mwingine angekivumilia bila shida. Sitazungumzia sana oili chafu na mafuta ya taa, maana hizo si dawa za kusajiliwa. Ila mjue kwamba anayeshindwa bei ya dawa halisi huangukia huko, na mbwa anabaki na ngozi iliyoungua.

Msinielewe kwamba nawaambia watu waache kuua kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa anaeneza Ehrlichia canis, bakteria anayemmalizia mbwa damu na kumtoa damu puani mpaka anakuwa mifupa. Viroboto wanamtia mnyama minyoo ya tegu na kumnyonya mtoto wa paka mpaka ufizi unakuwa mweupe. Na Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara miaka iliyofuata, watu wanajua kiroboto anaweza kufanya nini, hata kama wale walikuwa hasa viroboto wa panya. Mwenye mbwa anayetafuta dawa ana haki ya kuitafuta. Tatizo ni kile anachokutana nacho dukani.

Na kwa sababu haelezwi, anarudia dawa kupita kiasi. Jike la kupe huyu likishiba hudondoka, likatambaa hadi kwenye ufa wa ukuta wa banda na kutaga mayai kwa maelfu. Kupe wadogo wakitoka, wanampanda mbwa yule yule, wananyonya, wanashuka tena kujibadili, wanapanda tena. Viroboto nao, sehemu kubwa ya kizazi chao haiko mwilini mwa mnyama. Mayai, funza na pupa wamo kwenye mkeka, kwenye gunia analolalia mbwa, kwenye nyufa za sakafu. Mtu anamwogesha mbwa Jumamosi, Jumatano anaona kupe wapya, anadhani dawa ilikuwa nyepesi, anaikoleza. Angeambiwa afue matandiko kwa maji ya moto, azibe nyufa za banda, afagie na kuchoma takataka, na asubiri muda ulioandikwa kabla ya kurudia, angetumia dawa kidogo zaidi na kupata nafuu kubwa zaidi. Maneno hayo yanachukua dakika mbili. Hakuna anayemwambia.

Sipendi kumtupia muuzaji lawama zote. Nimekaa nao, najua hesabu zao. Dawa nyingi zimefungashwa kwa ajili ya mwenye zizi: mililita mia, nusu lita, lita. Mwenye mbwa mmoja hawezi kununua chupa ya kuogeshea ng'ombe hamsini, na dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa na paka, yaani vidonge vya kutafuna, matone ya shingoni na kola, hazifiki maduka ya pembezoni, na zikifika bei inamshinda. Basi muuzaji anampimia, naye anadhani amemsaidia. Mkiishia kupiga marufuku upimaji bila kuweka kitu badala yake, biashara itahamia nyuma ya duka na chupa zitabaki zile zile.

Kwa hiyo naanza na TMDA na TPHPA pamoja, kwa kuwa baadhi ya bidhaa hizi hutazamwa kama dawa na nyingine kama viuatilifu, na mwananchi hawezi kujua aende mlango upi. Anayesajili dawa ya kupe kwa ajili ya soko la Tanzania atakiwe kuwa na kifungashio kidogo kilichofungwa kiwandani, chenye kijiko au bomba lake la kupimia. Lebo iwe ya Kiswahili, herufi zisomeke bila miwani, ikitaja jina la sumu yenyewe na siyo jina la biashara peke yake, uzito wa mnyama kwa kilo, umri wa chini kabisa, na muda wa kusubiri kabla ya kurudia. Dawa nyingi za aina hii haziruhusiwi kwa mnyama wa chini ya wiki 8, lakini ni watoto hao hao ninaoletewa wakiwa wamelowana dawa. Na kwa kila dawa isiyomfaa paka, iwekwe picha ya paka iliyopigwa mstari mwekundu. Picha hiyo inamfikia hata asiyejua kusoma, na kwa maoni yangu ingeokoa paka wengi kuliko semina zote tunazoweza kuandaa. Dawa za mbwa na paka zilizokwisha kusajiliwa nazo zitazamwe upya upande wa tozo na kodi, ili zishuke kufikia mtu wa kawaida.

Hata dawa halali, zilizosajiliwa na kununuliwa kwa bei kubwa, zinahitaji jicho. Mwaka 2009 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) lilianza kuchunguza dawa za matone baada ya ripoti za madhara kuongezeka, na mwaka 2010 likatangaza hatua za kukaza lebo, maana matatizo mengi yalitokana na dawa ya mbwa kupakwa paka, na mbwa wadogo ndio waliodhurika zaidi. Septemba 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA) ikatoa tahadhari juu ya vidonge na matone ya kundi la isoksazolini, yaani afoksolana, fluralana, lotilana na sarolana, kwamba baadhi ya wanyama hupata mitetemo, kupepesuka au degedege. Hazikuondolewa sokoni, kwa kuwa kwa wanyama walio wengi ni salama na zinafanya kazi vizuri sana; waliongeza maelezo ili daktari aulize kwanza kama mnyama amewahi kupata degedege. Dawa hizo zinauzwa na kwetu sasa. Wateja wangu wanazinunua kwa mtu mtandaoni, wanakata kidonge cha mbwa wa kilo 40 vipande vinne ili kitoshe mbwa wanne wadogo, na hakuna aliyewauliza swali lolote.

Wenzetu waliweza kubadili lebo kwa sababu watu walikuwa na mahali pa kuripoti. Hapa kwetu paka akifa kwa sumu anazikwa nyuma ya nyumba jioni hiyo hiyo. Sijakutana na mteja wala muuzaji wa mtaani anayejua aripoti wapi. Naomba iwepo namba moja fupi ya simu na fomu moja rahisi, vibandikwe kwenye ukuta wa kila duka la pembejeo, na taarifa zifike TMDA na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake inashughulika na masuala ya sumu. Mnyama akidhurika leo kwa kimiminika kilichokuwa juu ya kabati la vyombo, kesho ni mtoto. Hapo ripoti ya paka inakuwa imemlinda mtoto.

Baraza la Veterinari, kwenu nina neno juu ya watu walioko nyuma ya kaunta. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu mkoani Ruvuma, kwa kuona kwamba maduka ya dawa baridi vijijini yalikuwa yanauza bila ujuzi. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa na kupewa kibali, na mpango ukaenea nchi nzima. Naomba hivyo hivyo kwa maduka ya pembejeo za mifugo. Mafunzo ya siku chache yanatosha kumfundisha muuzaji kuuliza maswali matatu kabla hajafungua droo: mnyama ni nani, ana kilo ngapi, na nyumbani kuna paka? Tuna Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, tuna kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA) mikoani, walimu wapo. Na kwa wanaodunga sindano mitaani bila usajili, Sheria ya Veterinari ya 2003 inawapa ninyi nguvu ya kuwazuia. Itumieni.

Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari, wewe una siku ambayo wenye mbwa wanakuja wenyewe. Kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kwenye kampeni za chanjo zinazoizunguka, watoto wanafika foleni wakiwa wamewafunga mbwa kwa kamba za katani. Wapeni karatasi moja yenye picha: dawa ya ng'ombe hapana, paka kwa dawa ya mbwa hapana, pima uzito kwanza. Wekeni mzani pale pale kituoni na mwandikieni kila mwenye mbwa kilo za mnyama wake kwenye kadi ya chanjo. Watu wengi hawajawahi kujua mbwa wao ana kilo ngapi, na bila kilo hakuna kipimo salama cha dawa yoyote.

Najua litakuja jibu la "ni mbwa tu". Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haikusema hivyo. Mbwa ndiye anayekesha getini watu wakilala, na paka wa Pwani ni wa nyumba nzima, anaingia jikoni, analala na watoto. Kinachompata kinaingia ndani mwa nyumba.

Kwa wananchi wenzangu mtakaosoma barua hii kabla majibu hayajaja: mnyama akianza kutetemeka, kutokwa mate au kulegea baada ya kupakwa dawa, vaeni glavu au mifuko ya nailoni mikononi, mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, mara mbili tatu, msuuze vizuri, mkausheni na kumkinga na baridi, kisha mkimbizeni kwa daktari pamoja na chupa ya dawa. Msimnyweshe maziwa kwa nguvu. Najua tumelelewa na maziwa kama dawa ya kila sumu, lakini mnyama anayetetemeka hamezi vizuri; maziwa yanaingia mapafuni na kummaliza. Msimtapishe. Msingoje kuona kama ataamka vizuri asubuhi. Na kwa watoto wa mbwa na paka walio wadogo mno kwa dawa, chanuo la meno membamba, bakuli la maji ya sabuni na uvumilivu vinatosha kupunguza viroboto kila siku.

Ndugu viongozi, suala la lebo ya Kiswahili na picha ya paka ndilo ningeomba lianze, kwa kuwa dawa nyingine zinasubiri kusajiliwa upya, na sharti linaweza kuwekwa hapo hapo. Chupa zisizo na lebo nilizoletewa na wateja nimezihifadhi, zimefungwa na kuandikwa dalili za mnyama aliyezitumia. Nipeni ofisi na siku, nitazileta zipimwe maabara. Majibu yenu nayaomba yatolewe hadharani na yataje tarehe ya kuanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Daktari wa mifugo,
Dar es Salaam